Skrini ya Meneja Haikuamka

Mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu, alijifungua kwa kupasuliwa. Mshono haujakauka, meneja wake akapiga simu. Umeme ulikatika, umerudi, aende ofisini.

Kampuni yao hukodisha makatapila, na wote hufanyia kazi nyumbani, wakiingia kwa mbali kwenye seva moja ya Linux, kompyuta mama iliyofungiwa ghorofa ya tano ya jengo la ofisi. Lifti ya jengo hilo ilikufa kabla ya mimi kuota mvi. Umeme ukirudi seva huamka yenyewe, lakini skrini za kuingilia, kila mtu na yake humo ndani ya seva, hubaki zimelala mpaka mtu apande kuziwasha kwa mkono. Meneja anaishi mtaa huohuo wa ofisi. Akapanda mkwe wangu, mkono mmoja ukutani, mwingine tumboni, akarudi na damu kwenye gauni.

Nikinyamaza mimi, hata mbwa wa jirani huhama.

Nilimwambia amjulishe bosi kwamba mimi, niliyezeekea kwenye kazi za seva, ninaweza kuzifanya skrini zijiamshe. Meneja, wanayemwita Kifua kwa sababu kifua chake humtangulia mlangoni, alikubali kabla sijamaliza salamu.

Kazi yenyewe si ya kumwaga jasho. Kila mtumiaji unamwandikia faili fupi: skrini ya nani, iwashwe kwa jina la nani. Kisha kuna amri mbili. Ya kwanza huiwasha skrini sasa hivi. Ya pili huiagiza seva iiwashe kila inapoamka. Anayeijua ya kwanza tu, akiona mwanga, hudhani amemaliza. Wafanyakazi wote niliwapa zote mbili. Kifua nikampa ya kwanza.

Akaijaribu palepale, skrini ikafunguka kama ua.

"Mzee, wewe kiboko," akasema.

"Utanikumbuka," nikamjibu.

Umeme haukuchelewa kukatika. Uliporudi, wote wakaingia kazini isipokuwa yeye. Akampigia mkwe wangu, akajibiwa kwa adabu zote kwamba yuko likizo ya uzazi, na aliye karibu na jengo ni bosi mwenyewe. Akaelekezwa namna ya kuiwasha kwa mkono. Akapanda. Msimu ule umeme ulikatika hata paka akipiga chafya, na kila ukirudi Kifua yuko kwenye ngazi. Mlinzi aliniapia kwamba akifika ghorofa ya tatu alikuwa akiongea na marehemu babu yake, na babu anamshauri ateremke.

Mwishowe akaja kwetu. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, kama nilikukosea, nisamehe. Goti limekwisha."

"Mimi hukunikosea. Uliyemkosea yuko chumba kile. Nenda ukabishe hodi."

Akautazama ule mlango. Akapapasa funguo za gari mfukoni. Akasema ana haraka, nimfikishie salamu, atamwona siku nyingine. Akaondoka akichechemea.

Nilipoingia, nilimkuta mkwe wangu kitandani na kompyuta mapajani. Ameshaingia kwenye seva, ile amri ya pili ameiandika yote kwa jina la Kifua, kidole kiko juu ya kitufe cha mwisho.

"Nilikuwa nasubiri hodi tu, Baba," akasema.

Akaanza kuifuta, herufi moja moja, bila haraka.