Karani na Uzio wa Maji Chumvi

Mzee Mmanga Silima hakuwa na ukuta. Hakuwa na uzio wa makuti, wala wa seng'enge, wala wa michongoma. Hakuwa na geti, wala kufuli la kutia kwenye geti. Hakuwa na mke, mwaka wa sita sasa. Hakuwa na meno mawili ya juu, na hakuwa na ruhusa ya kuanika nguo mbele ya nyumba. Alichokuwa nacho ni cheti cha kisomo cha jioni, alichokipata akiwa na miaka hamsini na tisa na kukitundika sebuleni ndani ya fremu, na mbwa.

Mbwa aliitwa Karani, kwa sababu alikaa na miguu ya mbele imelingana, kama mtu anayesubiri kusomewa barua aiandike. Zamani alikuwa mbwa wa shamba, akifukuza kima kwenye mihogo. Shamba halikuwapo tena. Lilikuwa limeingia ndani ya Mandhari, mtaa mpya wa nyumba nyeupe sitini na mbili, mwendo wa nusu saa kutoka mjini, na Mzee Mmanga alipewa nyumba ya arubaini na moja badala ya mihogo yake. Nyumba ilikuwa nzuri. Mfereji wa jikoni ulitoa maji kila siku.

Mandhari ilikuwa na kitabu cha kanuni. Kanuni ya 14 ilisema kwamba hakuna nyumba itakayozungushiwa ukuta, uzio, seng'enge, michongoma wala kitu chochote cha kuzuia jicho. Kanuni ya 15 ilisema kila mnyama azuiliwe ndani ya mpaka wa nyumba yake. Kanuni ya 16 ilikataza kamba na minyororo. Kanuni ya 17 ilikataza udongo mtupu. Kila mahali pawe na majani au vigae. Mtaa wenyewe ulizungukwa na ukuta wa futi kumi, lakini kitabuni ule haukuitwa ukuta. Uliitwa mpaka wa mradi.

Kumtia Karani ndani ya nyumba lilikuwa jambo lisilofikirika, kwani Mzee Mmanga akisali humo. Karani alikuwa na sahani yake na kivuli chake chini ya ngazi. Kila jioni baada ya chai Mzee Mmanga alimkuna mgongo kwa ncha ya bakora, na wote wawili waliridhika na mpango huo.

Ijumaa moja Karani alivuka njia kwenda kumwamkia Bwana Hisham, mwenyekiti wa kamati ya wakaazi, aliyekuwa akielekea msikitini na kanzu iliyonyooka kwa pasi. Alimlamba mkono, kisha upindo wa kanzu. Bwana Hisham hakupiga kelele. Alikuwa mtu wa taratibu. Aliomba maji na udongo, aoshe mara saba, moja kwa udongo, kama inavyotakiwa kwa mate ya mbwa. Maji yalipatikana. Udongo ukatafutwa nyumba zote sitini na mbili usionekane. Palikuwa na majani na vigae tu. Mwishowe Mbarouk, mlinzi wa geti, aliita nje, na Bi Biasha, dada yake Mzee Mmanga, aliyekaa kijijini upande wa pili wa ukuta, akaleta udongo ndani ya kopo la maziwa. Akaambiwa aliache getini arudi.

"Na kopo langu?" aliuliza.

"Utaletewa, Bi Biasha," alisema Mbarouk.

Hakuletewa.

Jumatatu alikuja Bi Badriya, katibu wa kamati, na bahasha.

"Shikamoo, Mzee Mmanga."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Nshakunywa. Nimeleta barua."

Barua ilisema kwamba mbwa azuiliwe kwa mujibu wa Kanuni ya 15 bila ya kuvunja Kanuni ya 14, la sivyo Jumamosi ya pili atachukuliwa na kupelekwa mbali.

"Mbali wapi?"

"Haikuandikwa."

"Barua isiyosema wapi haijamalizika," alisema Mzee Mmanga. "Sisi tulifundishwa hivyo, na tulifundishwa kwa taa ya kandili."

"Mimi nimeipiga chapa tu, mzee wangu," alisema Bi Badriya, akatazama viatu vyake.

Mzee Mmanga alifanya alichokuwa akifanya shambani. Kila alasiri alizunguka mpaka wa nyumba pamoja na Karani, akiburura bakora chini na kusema, "Mwisho hapa. Mwisho hapa." Karani alisikiliza kwa adabu. Lakini paka wa nyumba ya arubaini alipopita, Karani alivuka.

Upande wa kusini mpaka ule ulifuata palipokuwa na hori. Bahari ilikuwa ikiingia pale kati ya mikoko, na wanawake wa kijiji wakiokota chaza na kombe tangu kabla ya bibi yake Mzee Mmanga kuzaliwa. Mradi ulilijaza hori kifusi, ukamwaga zege juu yake, na zege hilo ukaliita Njia ya Mikoko.

Alhamisi, siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, saa kumi za jioni, maji ya hori yalirudi. Yalianza kuchuruzika kati ya majani, pale pale ilipopita bakora, kisha yakasimama. Yalisimama wima pande zote nne za nyumba, kimo cha kifua cha mtu, unene wa shibiri moja, bila ya kumwagika. Samaki wawili, chuchunge, walipita ndani yake wakielekea jikoni, wakakata kona. Karani aliyanusa maji, akayaonja, akapiga chafya, akalala. Mzee Mmanga aliingia ndani kutia majani ya chai, kwani birika lilikuwa lishachemka.

Kutoka na kuingia hakukuwa na taabu. Maji yalimpisha kila aliyepiga hodi. Karani, kwa kuwa ni mbwa, hakuweza kupiga hodi.

Jumamosi ya pili Bi Badriya alikuja na futikamba, na Bwana Hisham alikuja na kitabu.

"Hii nini, Mzee Mmanga?" aliuliza Bwana Hisham.

"Maji."

"Mbona yamesimama?"

"Yamelazwa chini ya zege miaka minne. Na wewe ungesimama."

Bi Badriya alicheka, kisha akapima haraka haraka. Bwana Hisham alifungua kitabu, akainama, akatazama kupitia maji upande wa pili wa njia.

"Kanuni inasema kitu cha kuzuia jicho. Mimi nnaiona nyumba yangu. Tena imekuwa kubwa."

"Kuna samaki kakuziba hapo, mwenyekiti," alisema Bi Badriya.

"Samaki anapita. Andika: si uzio."

Kwa hiyo Karani alibaki. Siku hiyo alikunwa kwa bakora mara tatu.

Uzio ulikwenda na bahari. Maji yakijaa ulipanda. Yakipwa ulishuka hadi kwenye vifundo vya miguu, na hapo Mzee Mmanga alitoa kiti, akakaa karibu na Karani na kumsomea gazeti kwa sauti mpaka maji yapande tena. Majirani walileta wageni kutazama. Watu wa nyumba ya kumi na mbili walitaka na wao, wakaburura fimbo kwenye mpaka wao siku tatu. Lakini pale, kabla ya mradi, palikuwa na makaburi, na siku ya nne wakaacha.

Wiki ya tatu chaza walianza kushika chini ya uzio. Bi Biasha alisikia habari, na maji yalipopwa alifika getini na wanawake wanne, kila mmoja na ndoo yake.

"Mnakwenda wapi?" aliuliza Mbarouk.

"Horini."

"Hori gani, Bi Biasha?"

"Lile lililosimama kwa kaka angu. Usijitie upofu, we Mbarouk. Mama yako alikulea kwa mchuzi wa chaza wa hapo, ndio ukapata hicho kifua cha kutuzibia njia."

Wanawake wakacheka, na Mbarouk akacheka nao. Kisha akatazama orodha ya wageni, akasema hawamo. Wakageuza ndoo wakazikalia, wakapiga soga mpaka maji yakajaa, wakarudi kwao. Kupwa kulikofuata walikuja tena.

Kamati ilikutana. Iliamua kwamba maji yale ni pambo la Mandhari, pamoja na chaza wake, na kwamba watu wa nje hawaruhusiwi kuokota pambo. Bwana Hisham mwenyewe alileta hati kwa Mzee Mmanga, na kalamu nzuri, na kikapu kidogo cha haluwa.

"Saini moja tu, mzee wetu. Karani ataandikwa kitabuni kwa jina lake, akae siku zote. Hapajawahi kuandikwa mbwa."

Mzee Mmanga alivaa miwani, akasoma mpaka chini. Hati ilisema hivyo hasa. Kisha ilisema kwamba mtia saini anathibitisha kuwa mahali pale hapakuwahi kuwa na hori, wala njia ya watu kuendea hori.

"Na nisipotia?"

"Basi tutakuja kukagua kila mwezi. Siku maji yakikosa kusimama, mbwa anaondoka."

"Imeandikwa vizuri," alisema Mzee Mmanga, na alisema kweli. Hata nukta zilikaa mahali pake.

Hati ilikaa siku mbili chini ya cheti chake. Alikuwa na miaka sabini na sita, na Karani alikuwa na tisa, ambayo kwa mbwa ni karibu sawa. Mbwa wa umri huo hahamishiki. Lakini Mzee Mmanga alijifunza kuogelea ndani ya hori lile, siku Bi Biasha alipomsukuma, na maji aliyokunywa siku ile alikuwa bado anaukumbuka uchumvi wake. Siku ya tatu alitoa kiti nje wakati wa kupwa, akaweka ubao magotini, akaandika:

"YAH: KUTOTIA SAINI. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mbwa wangu amezuiliwa kwa Kanuni ya 15, na kamati imeona kwa macho yake. Kuhusu hori, lilikuwapo na lipo. Kamati imelipima kwa futikamba. Naomba wenyewe waliokaa getini wafunguliwe waingie. Wao wanajua kupiga hodi."

Ilikuwa barua yake ya nne kwa kamati tangu ahamie. Zile tatu zilijibiwa kwa neno moja, "Imepokelewa," na mhuri.

Aliikunja, akaitia kwenye bahasha, akaiweka juu ya kiti, akaingia ndani kuchukua maji ya kulowesha gundi. Aliporudi, Karani alikuwa ameshailamba gundi yote, kwa utaratibu, kutoka pembe hadi pembe, na bahasha imejifunga. Ilikuwa imefungwa vizuri kuliko alivyofunga mwenyewe zile tatu.

Bahasha nyengine hakuwa nayo. Mzee Mmanga alifikiri. Kikavu kwa kikavu najisi haihami, lakini Bwana Hisham ni mtu wa kutoka jasho. Akaigeuza bahasha kwa ncha ya bakora, na kwa herufi kubwa akaandika nyuma yake: "Imefungwa na mbwa. Atakayefungua aoshe mara saba, moja kwa udongo. Udongo upo kwa Bi Biasha, nje ya geti."

Mbarouk alikuwa akimaliza zamu, na afisi ya kamati iko mjini Shangani, ghorofa ya pili. Aliipokea barua kwa vidole viwili, akaizungushia gazeti, akaitia chini ya kiti cha Vespa. Geti likafunguliwa, Vespa ikapita, geti likafungwa. Nje wanawake walikuwa wamekalia ndoo zao.

"Kaandika nini huyo kaka angu?" aliuliza Bi Biasha.

Mbarouk alisimama, akaifunua barua, akamsomea maneno ya nyuma, akaifunika tena na kushika njia ya mjini. Bi Biasha aliinuka, akajipangusa kanga, akaenda kutafuta kopo jengine.