Mchanga Laini wa Kamituga

Miaka thelathini na moja nimejenga nyumba katika mji huu, na hakuna mtu wa kunifundisha habari za mchanga. Nasema hivyo mapema ili ujue ni mtu wa namna gani anayekusimulia. Mke wangu Martine huniita mbishi. Binti yetu Emmanuella aliniita hivyo pia, ila yeye alikuwa anacheka.

Emmanuella alisoma biolojia chuo kikuu. Mwaka jana aliweka tangi la kioo sebuleni, akapanda ndani majani ya majini, akaleta kambare wadogo sita kutoka Bujumbura. Ni samaki wa kukaa chini, wenye sharubu, na kutwa kucha kazi yao ni kuchimbachimba wakitafuta chakula. Akaniomba mchanga wa kutandika chini ya tangi. Mimi nikampa kokoto nyeusi zilizobaki kwenye ujenzi wangu huko mtaa wa Panzi.

"Papa, hii mawe iko na makali," akaniambia. "Itakata ndevu yao."

"Samaki inaishi mu mawe tangu Mungu aliumba dunia," nikamjibu. "Weka."

Akaweka. Mwezi wa tatu malaria ikampanda kichwani, na siku ya nne tukamzika.

Tangu hapo Martine hakwenda sokoni wala misani. Wageni walikuja na kuondoka, hakuwajibu. Kitu kimoja tu kilimtoa kitandani asubuhi: kuwalisha samaki wa Emmanuella. Akishawalisha anavuta kiti, anakaa mbele ya kioo mpaka jioni. Niliogopa sana. Nilijua kabisa kwamba wale samaki wakiisha, mke wangu naye ataisha.

Siku moja ya mwezi wa saba akaniita. "Papa Emma, kuya uone."

Nikachungulia. Sharubu zilikuwa zimekatika, zimebaki vishina. Mmoja alikuwa na mdomo mwekundu, umevimba. Mtoto alisema kweli. Sikukiri, nilisema tu kwamba nitatafuta mchanga mwingine, kana kwamba kokoto zilikuja zenyewe.

Nikaanza na mchanga wa ziwani, kutoka Kalehe. Katika daftari la Emmanuella nilisoma kwamba mchanga wenye vipande vya makombe hugeuza maji, na majani yanadhoofika. Ukitaka kuujua, udondoshee siki. Nikaudondoshea, ukatoa povu. Nikamwaga. Mchanga unaoletwa na malori ya wajenzi ulinuka mafuta. Nikamwaga nao.

Ndipo akaja Xavier, mdogo wake Martine, ambaye huosha dhahabu Kamituga. Alikuja kumtazama dada yake, nami nikamweleza shida yangu.

"Shemeki, kwetu muchanga iko bure," akasema. "Ile inabakiaka kisha kuosha zahabu. Tunaosha, tunaosha tena. Iko laini sana."

Baada ya wiki mbili akanitumia gunia zima. Nikaupima kifundi. Nikausugua mikononi, mikono ikabaki safi. Nikautia kwenye chupa ya maji, nikatikisa, maji yakatulia maangavu. Nikatafuna punje kidogo, meno hayakuona udongo. Siki nayo ilikaa kimya. Mchanga wa namna hiyo, hata kupiga plasta kwa askofu ungefaa. Nikatandika udongo mwekundu vidole viwili kwa ajili ya mizizi, juu yake mchanga vidole vitatu, nikarudisha maji na samaki.

Wakazama mchangani mpaka machoni! Walichimba, wakatema, wakachimba tena. Martine akajifunika mdomo kwa mkono, akacheka. Jioni ile alipika bugali mwenyewe, na Jumapili akavaa kitenge kipya tukaenda misa pamoja. Nilifurahi kupita kiasi. Nilijisifu pia, kwa majirani, kwa mafundi wangu, kwa yeyote aliyesimama.

Wiki ya tatu samaki mmoja akaanza kuogelea kiubavu. Kesho yake wakawa wawili. Katika siku tisa wote sita walikwisha.

Mireille, aliyesoma na Emmanuella, alikuja Jumamosi kurudisha vitabu. Martine alikuwa jikoni. Msichana akatazama tangi tupu, kisha akanitazama.

"Papa, hii muchanga ulitosha wapi?"

"Kamituga. Kwa bale banaoshaka zahabu."

Akaweka glasi yake chini. "Papa, bale banatiaka mercure, ile zebaki, ndani, juu ya kukamata zahabu. Inabakia mu muchanga. Ni sumu. Na samaki ya chini inachimbaka mule mule."

Jambo la kwanza nililofanya ni kumwomba apunguze sauti. La pili, nilimsindikiza mpaka barabarani na kumwomba asimwambie Martine neno lolote. Njiani kurudi nilipanga maneno. Nilisema moyoni: nitaingia, nitamwambia, basi.

Martine alikuwa amekaa mbele ya tangi, kopo la chakula cha samaki mapajani.

"Ni mi nilibaua," akasema. "Nilikuwa nabapatia chakula mara tatu ku siku. Emma alikatazaka. Ni mi niliharibisha maji."

Kinywa changu kilifunguka. Ningetamka tu kwamba ni sumu ya mchanga wa Kamituga, yeye angeelewa. Lakini niliona jinsi atakavyonitazama, mara ya kokoto na mara hii tena, nikaogopa. Mimi ni mwoga, na ninalijua hilo leo kuliko siku zote. Nikavuta kiti, nikakaa karibu yake, nikamshika mkono.

"Usilie," nikamwambia. "Kila mutu anakosaka. Nimekusamehe."

Akalaza kichwa begani kwangu, akanishukuru.