Manyoya ya Mkaguzi

Koti jeupe la mwuza dawa lilifika kwa Mama Pasi Jumatatu asubuhi, limefungwa pamoja na mashuka mawili na taulo, na lilikuwa na manyoya ya mbwa kuanzia kwenye kola hadi mfuko wa kulia. Mama Pasi alilitandaza juu ya meza ya kupigia pasi, akavaa miwani, akachomoa unyoya mmoja na kuuinua kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, mweupe kwenye ncha. Aliujua. Ulikuwa wa Mkaguzi, na Mkaguzi alikuwa amezikwa nyuma ya karo la kufulia tangu wiki iliyopita.

"Haya yametoka wapi?" alimwuliza mwuza dawa, aliyekuwa bado amesimama mlangoni.

"Yanaota tu," alisema. "Nayakung'uta asubuhi, mchana yamerudi. Wateja wangu wameanza kupiga chafya. Nikasema labda wewe una sabuni yake."

"Yameanza lini?"

"Tangu yule mzee wako alipo..." Akakohoa. "Pole tena, Mama."

Pole hiyo aliitoa akitazama viatu vyake, kisha akaenda zake bila kuuliza nguo zitakuwa tayari lini. Swali hilo hakuwahi kulisahau hata siku moja.

Mkaguzi aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake. Tangu alipokuwa mtoto wa mbwa, furushi halikufunguliwa kwa Mama Pasi kabla yeye hajalinusa. Alilizunguka, akasukuma pua kwenye fundo, akapiga chafya, ndipo Mama Pasi akafungua. Hata macho yalipomwisha na masikio yakaziba, aliletwa hadi kwenye furushi, akafanya kazi yake, akarudishwa kwenye gunia lake. "Ameshapitisha?" wateja waliuliza, kama wanaosubiri muhuri. Wako pia ambao hawakutaka kusikia habari za mbwa karibu na nguo zao, na kwa ajili ya hao Mama Pasi alikuwa na desturi yake. Hakuna nguo iliyotoka kwake bila kupanguswa mbele na nyuma kwa kiganja chenye unyevu, kisha ikaangaliwa dirishani. Sifa yake mtaani ilitokana na kiganja hicho. Nguo zake mwenyewe ndizo ambazo hakuzipangusa. Magauni yake yote yalikuwa na manyoya mapajani, pale Mkaguzi alipolaza kichwa jioni, na alikwenda nayo hivyo hivyo sokoni na harusini, anayetaka kusema na aseme.

Siku mbwa alipokufa, Mama Pasi alikuwa amepeleka mashuka hotelini. Aliporudi alimkuta mumewe, fundi rangi, ameshachimba na kufukia, anafuta udongo kwenye koleo.

"Amelala moja kwa moja," mumewe alisema. "Hakuhangaika."

Mama Pasi alilia hadi sauti ikamkauka. Alilia akifua, akalia akipiga pasi, na mashati kadhaa ya hoteli yalikunjwa siku hiyo yakiwa na machozi ndani. Lakini hata katikati ya kilio jicho lake liliangukia bakuli la mbwa. Lilikuwa limefudikizwa ukingoni mwa karo, limeoshwa, linang'aa. Asubuhi ile Mkaguzi alikuwa amekula uji wake wote na kusukuma bakuli ukutani kuomba nyongeza. Na katika ndoa yao yote, mumewe hakuwahi kuosha hata kijiko. Mama Pasi alilitazama bakuli lile, akaendelea kulia, lakini kuanzia hapo alilia huku ana lake jambo moyoni.

Kulipokucha, manyoya yote yalikuwa yameondoka kwenye magauni yake. Alikung'uta gunia la mbwa, likatoa vumbi tupu. Alitazama blanketi la meza ya pasi, aproni, shali, hata soksi. Hakukuwa na hata unyoya mmoja. Jambo hilo lilimuuma kuliko kaburi, maana alikuwa amejiahidi kulivaa lile gauni la kijani mpaka manyoya yaishe yenyewe polepole.

Sasa yalikuwa kwenye koti la mwuza dawa, na yeye alikuwa na kazi ya kuyatoa. Alilowesha kiganja, akapangusa. Yalitoka vizuri. Alipogeuza koti upande wa pili na kurudi wa kwanza, yalikuwa yamesharudi. Alilikunja hivyo hivyo.

Wa pili alikuwa jirani, mwalimu mstaafu ambaye dirisha la jiko lake lilitazama ua wa Mama Pasi. Huyu ndiye aliyekuja na chupa ya chai siku ya msiba, akamkumbatia, akakaa naye mpaka taa zikawashwa. Alileta blauzi yake ya bluu na kuielekeza kwa kidole.

"Hapa begani. Ni mmoja tu, lakini king'ang'anizi. Nimeufua, nimeukata kwa mkasi, umerudi."

Mama Pasi aliutazama. Ncha nyeupe.

"Mwalimu, siku ile ulikuwa nyumbani?"

"Siku ipi?"

"Unajua siku ipi."

Mwalimu alishika shanga zake shingoni. "Nilikuwa naosha vyombo. Mtu akiosha vyombo anatazama maji."

"Mwuza dawa alikuja hapa?"

"Mama Pasi, mimi mambo ya nyumba za watu siingilii," alisema Mwalimu, ambaye kwa miaka mingi hakuwa ameingilia kitu kingine chochote. Aliichukua blauzi yake bila kusubiri ifuliwe, na tangu hapo pazia la jiko lake likawa limefungwa mchana kutwa.

Basi Mama Pasi akaanza kuyatazama mafurushi ya mtaa kwa jicho jingine. Hakuuliza tena. Alipokea, akafungua, akachunguza kwenye mwanga. Nguo nyingi zilikuwa safi, na wenye nguo hizo aliwarudishia chenji kwa tabasamu. Wengine walikuwa na unyoya mmoja, wawili, kwenye ukosi au kwenye pindo. Hao, alivyokuja kuelewa, ni wale walioambiwa tu. Hakuna aliyelalamika kwa sauti. Walileta, wakachukua, wakasema pole, na manyoya yao wakaenda nayo.

Nyumbani mumewe alikuwa amebadilika kuwa mtu mwema. Alichota maji. Alitundika kamba ya kuanikia iliyokuwa imelegea tangu mvua za mwaka jana. Jioni alimtengenezea mkewe chai na kumletea mezani, na Mama Pasi, ambaye zamani angempigia vigelegele kwa hilo, alikishika kikombe na kusubiri mpaka mumewe anywe kwanza cha kwake.

"Nimekuita mara tatu," mumewe alimwambia jioni moja. "Siku hizi husikii."

"Nasikia," alisema Mama Pasi.

Jumapili binti yao alikuja kutoka upande wa pili wa mji, na mkate na maua. Alikuwa amekua pamoja na mbwa yule. Utotoni alimvisha kofia zake, akamfundisha kupeana mkono. Alimkumbatia mama yake wakalia wote wawili kwenye kiti kimoja, na mama alimlilia bintiye begani kwa moyo wote, mpaka akafumbua macho. Mtandio wa binti ulikuwa na kishungi cha manyoya upande wa kulia, juu kidogo ya sikio, pale mtu anapowekea simu.

"Ni ya paka wa jirani yetu," binti alisema haraka, kabla hajaulizwa.

"Paka wa jirani yenu ni mweusi."

Binti aliuvua mtandio, akaukunja, akautia mkobani. Walikula mkate. Baba alisimulia habari za ukuta fulani uliokuwa unatoa unyevu. Binti alitazama saa, akasema barabara itajaa, na mlangoni akamnong'oneza mama yake: "Baba naye hakupenda, Mama. Usimwonee." Kisha akaondoka upesi.

Kwa hiyo alibaki mmoja, na huyo hakuwa analeta nguo zake. Jambo hilo Mama Pasi alichelewa kuligundua, maana mafurushi ya watu yalikuwa yamemjaa kichwani. Ovaroli ya mumewe haikuwa imeingia kwenye karo lake tangu msiba. Na bado mumewe alitoka asubuhi ameivaa safi, na jioni akarudi ameikunja kwapani. Wake wengine hunusa manukato mageni kwenye shati. Mama Pasi aliona mkunjo. Mguuni mwa ovaroli ulipita mkunjo ulionyooka mpaka chini, uliopigwa kwa pasi ya moto mno na mkono unaovuta badala ya kukandamiza. Mumewe alikuwa anafuliwa nje.

Siku iliyofuata, mumewe alipotoka na suruali kuukuu kwenda kukwangua ukuta, yeye alifunga mlango, akavuka soko hadi kwa dobi wa upande ule, kijana mwenye mashine mbili na kiburi cha mashine nne. Alikuta ovaroli inaning'inia.

"Afadhali umekuja, Mama," kijana alisema. "Ichukue. Inaniziba mtaro. Naitoa kwenye mashine, nachota ndoo ya manyoya, nairudisha, nachota nyingine. Nimemwambia mzee aje kwako, wewe ndiye mwenye uzoefu. Anasema hataki kukuchosha."

Mama Pasi aliibeba mikononi, ilikuwa nzito kama kitu kilicholala. Nyumbani aliilaza juu ya meza, akavaa miwani. Manyoya yalikuwa mazito kwenye pindo la mkono wa kulia, karibu na kiganja kinachoshika kipande cha nyama. Yalikuwepo kwenye mkono wa kushoto wote, ulipokuwa umezungushwa shingoni. Lakini mapajani ndipo yalipojaa kabisa, marefu na laini, yamelala upande mmoja, na katikati palikuwa na bonde dogo la ukubwa wa kichwa. Lilikuwa na joto. Aliweka shavu lake pale na kulia kilio ambacho hakuwa amekilia bado.

Mumewe alimkuta hivyo. Alivua kofia, akaketi kwenye ndoo ya rangi.

"Alikuwa anakojoa ndani," alisema. "Haoni. Hasikii. Anagonga milango."

"Alikuwa anakula."

"Kula si kuishi."

"Ulimwuliza?"

Mumewe alikuna ukucha wenye rangi. "Mwuza dawa alisema hatasikia chochote. Nikampa kwenye ini. Alinilamba mkono. Ningekwambia, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Sasa."

Alilisema neno hilo kama mtu aliyeshinda kesi, na ndilo lililobaki. Hakuomba radhi. Alikuwa ameuliza watu, na watu walimwambia anafanya la maana. Mwuza dawa alisema hivyo, Mwalimu alisema hivyo, binti alisema, baada ya kulia, hivyo hivyo. Mtaa mzima ulikuwa umekaa ukakubaliana, na mtu pekee ambaye hakuhitajika alikuwa yule ambaye mbwa alimngoja mlangoni.

Manyoya hayakuisha. Mwuza dawa alizoea, akanunua makoti ya rangi ya chai ya maziwa, na wateja wake nao wakazoea kupiga chafya. Mwalimu alibandika pini ya urembo juu ya unyoya wake. Jumatatu mafurushi yalikuja kama kawaida, na Mama Pasi aliyapangusa kwa kiganja, akayakabidhi yalivyo, akapokea pole. Katika watu wote waliomjua Mkaguzi, yeye peke yake ndiye aliyekuwa hana hata unyoya mmoja. Kila asubuhi alipitisha mkono mapajani mwa gauni la kijani. Lilikuwa safi.

Ndiyo maana jioni, kazi ikiisha, aliivaa ovaroli ya mumewe juu ya gauni, akakunja miguu ya ovaroli iliyokuwa mirefu mno, akaketi kwenye kiti kando ya gunia.

"Naihitaji kesho kazini," mumewe alisema.

"Haijakauka," alisema Mama Pasi. Ilikuwa imekauka tangu juzi.

Mumewe aliingia jikoni. Maji yalichemka, vikombe viligongana. Alitoka na vikombe viwili, akasimama nyuma yake.

"Nakuita, nakuita," alisema. "Kweli siku hizi husikii."

Mama Pasi alikuwa amesikia yote, hata kijiko. Alipokea kikombe kilichokuwa mkono wa kushoto wa mumewe badala ya kile alichonyooshewa, akakiweka chini bila kukinywa, na akaendelea kuyalaza manyoya ya mapajani upande wake, polepole, kwa kiganja kikavu.