Siku Kiboko Aliposimama

Mpira wa tatu wa hewa ulipenya kwenye uwazi wake, ukachungulia juu karibu na injini kama nyoka anayetafuta jua, na kutoka chini ya gari ikasikika sauti: "Mm."

Mkunga, aliyekuwa ameinamia boneti iliyo wazi, akaudaka kwa vidole viwili. "Nimempata. Kichwa kimetoka, mabega yanafuata. Vuta pumzi, mume wangu."

"Mm, mm," ilisema sauti.

"Haya, navuta."

"Mm" moja maana yake ilikuwa shika. Mbili, vuta. Tatu, subiri kwanza, nimejigonga. Hakuna aliyeitunga lugha hiyo. Ilizaliwa yenyewe, kwa sababu mumewe alikuwa mshonaji, na tangu ujanani hakuweza kufanya kazi bila kuuma kitu mdomoni. Kwenye cherehani aliuma pini. Chini ya gari aliuma nati. Mkewe alikwisha mwonya kwamba ipo siku atameza moja, na yeye kazi yake ni kuzalisha watoto, si nati.

Kila mpira ulikuwa na kipande cha kitambaa kilichoshonwa karibu na ncha, na juu yake maneno kwa chaki ya nguo: kushoto mbele, kulia nyuma. Mshonaji hakuweza kutenganisha vitu viwili bila kuviandika. Ushonaji wenyewe hakufundishwa na mtu. Alinunua makoti ya mitumba, akayafumua mshono kwa mshono, akakipa kila kipande jina kabla hakijaagana na ndugu zake, kisha akayashona upya hadi yakakubali kuvalika. Alipokabidhiwa gari alitengeneze, alilifumua vivyo hivyo. Pale alipokwama aliangalia video kwenye simu, mara ya kwanza mikono mifukoni, mara ya pili spana mkononi.

Gari lenyewe lilikuwa kubwa, la kijani iliyokolea, la aina ile ambayo ikitokea barabarani watu husogea kabla ya kupigiwa honi. Lilikuwa la shemeji yake, mpima ardhi, mume wa dada yake mkubwa. Halikukaa juu ya springi kama magari ya wenzangu na mimi, bali juu ya mifuko ya hewa, mmoja kwa kila gurudumu, kila mfuko na mpira wake wa kuujaza. Mpima ardhi alipofariki, dada aliliegesha ubavuni mwa nyumba, akafunga mlango wake, akaingia ndani. Hewa ikavuja kidogo kidogo. Gari likashuka, likashuka, hadi tumbo likagusa mchanga. Kuku wakataga kwenye kiti cha nyuma, panya wakala nyaya, majani yakaota kwenye kingo za paa la kioo. Mkunga ndiye aliyelibatiza Kiboko, na jina likaganda.

Mshonaji na mkewe waliishi nyumba ya uani, hatua chache kutoka kwa dada, na kwa miezi mingi kila siku yao ya mapumziko iliishia kwenye handaki fupi ambalo mshonaji alilichimba chini ya pua ya Kiboko. Injini ilikwisha amka, ikakohoa moshi mweusi, kisha ikatulia na kunguruma vizuri. Lakini gari linalonguruma huku limelala ni kama mtu anayetoa amri akiwa kitandani. Lilitakiwa kusimama.

Tena lilitakiwa kusimama leo. Jana yake dada alimwita mshonaji mlangoni pa jikoni na kumwambia, bila ukali wowote: "Mdogo wangu, nimempigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu. Kiboko akisimama kesho kwa miguu yake mwenyewe, anabaki, na sitasema neno tena. Asiposimama, aende. Kila nikifungua dirisha namwona kalala pale. Mimi nimeshazika mara moja, siwezi kuzika kila asubuhi."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa, akaenda kuchaji betri.

Sasa lori la mnunuzi wa vyuma lilikuwa getini, na mwenyewe, pande la mtu lenye kofia ya sufu juani, alikuwa amekalia tairi kuukuu akiwatazama kama mtu aliyewahi uwanjani kutazama mechi.

"Msiharakishe kwa ajili yangu, fundi," alisema. "Chuma hakiozi."

"Kinapata kutu," alisema dada. Alikuwa amesimama kizingitini, mikono kifuani.

"Kutu kwangu ni chumvi, mama. Bila kutu sina kazi."

Mpira wa nne uliingia. Mshonaji akatambaa kutoka chini ya gari, akatema nati kiganjani, akazunguka Kiboko polepole akigusa kila kiungo. Halafu akazunguka tena. Mkewe alikuwa anarukaruka kama anayebanwa na haja.

"Baba wee, ingia! Utampima hadi kiuno, kama mteja?"

Akaingia. Ndani hamkuwa na kiti hata kimoja, vyote vilikuwa chumbani vikisubiri ngozi mpya, kwa hiyo aliketi juu ya kigoda cha jikoni, kwenye sakafu tupu ya bati, na kushika usukani kwa mikono miwili. Akawasha. Injini ikaitika. Nyuma kabisa pampu ya hewa ikaanza kuvuma kama nyuki.

Kiboko akatetemeka.

"Anaamka!" Mkunga alipiga kelele. "Anaamka jamani!"

Upande wa kulia ulipanda kidole kimoja. Ukapanda viwili. Ukapanda kiganja kizima. Upande wa kushoto ulibaki pale pale mchangani, haujui habari. Wa kulia ukaendelea kupanda, hadi gari zima likawa limeinamisha bega moja na kunyanyua jingine, sawasawa na mbwa aliyefika ukutani.

"Anakojoa!" alisema mnunuzi wa vyuma.

Hapo kigoda kikaanza safari. Kiliteleza kwanza taratibu, kwa heshima, na mshonaji juu yake bado ameshika usukani. Mikono ikaisha urefu. Kigoda kikavuka sakafu yote, kikagonga mlango wa kushoto, mlango usio na komeo ukafunguka, na mshonaji akatoka nje pamoja na kigoda chake kama mkate unaotolewa kwenye tanuri. Akatua juu ya lundo la sponji za viti, ameketi wima, uso umetulia.

Mkunga alizima injini huku machozi ya kicheko yanamtoka, na Kiboko akalala tena mchangani. Alishika mlango, akashindwa kusimama, akakaa chini. Mnunuzi wa vyuma alivua kofia, akajifunika nayo uso, mabega yakawa yanaruka. Mshonaji mwenyewe alicheka kimya kimya, kama kawaida yake, kwa tumbo tu.

Dada hakucheka. Midomo ilimcheza kidogo, kisha ikatulia. "Haya," alisema. "Amejitahidi." Akamgeukia mwenye lori. "Baba, lete mnyororo."

Kicheko kikakatika kama uzi. Mkunga akainuka akijipangusa mchanga. "Wifi..."

"Nilisema asimame, wifi. Sikusema anyanyue mguu."

Mshonaji bado alikuwa juu ya sponji. Alimtazama dada yake aliyekuwa amekwisha geuza uso upande wa nyumba, ili asione mnyororo ukifungwa. "Dada," alisema, "nipe muda wa chai moja."

"Chai yako wewe? Wewe ukikoroga sukari jua linatua."

"Mama," alisema mnunuzi wa vyuma, akiinamisha kichwa, "mimi pia sijanywa chai."

Dada akamtazama. Akamtazama na mdogo wake. "Nabandika birika," alisema mwishowe. "Chai ikifika kikombeni, mjadala umekwisha."

Alipoingia ndani, mshonaji hakukimbia. Alitembea hadi mbele ya gari, akasimama, mkono kidevuni.

"Kwa nini hutambai?" Mkunga alinong'ona. "Birika dogo hilo!"

"Upande mmoja unalia njaa," alisema taratibu, "na chakula kinakwenda kwa jirani. Mke wangu, mpira ulioandikwa kushoto, uliuchomeka wapi?"

"Kulia, si ndiyo?"

"Kulia?"

"Ndiyo, kulia. Wewe uliandika ukiwa chini, umelala chali. Nakujua mimi. Nguo zako zote unaziandika kwa ndani, mtu akigeuza, kushoto kunakuwa kulia. Miaka yote nakushikia vipande, kila siku ni geuza, mama, geuza. Basi nikageuza."

Mshonaji alifumba macho. "Lakini mimi nilishageuza."

"Uligeuza nini?"

"Maneno. Wakati naandika. Nilijua utasoma ukiwa juu, nikaona usije ukahangaika, nikakugeuzia kabisa."

"Kwa hiyo wewe ulinigeuzia mimi."

"Na wewe ukanigeuzia mimi."

Walitazamana juu ya injini. Mnunuzi wa vyuma alishusha pumzi ndefu. "Hayo ndiyo matatizo ya kupendana," alisema. "Ingekuwa mimi na mke wangu, gari lingekuwa limeshasimama. Kwetu hakuna anayemfikiria mwenzake."

Kutoka jikoni ikasikika sauti kama ndoo za bati zinazoporomoka ngazini. Mshonaji aliinua kichwa kwa haraka. Alikuwa ameisahau sauti hiyo ya kicheko cha dada yake. Zamani majirani waliisikia kupita kuta tatu, na mpima ardhi alikuwa akiitengeneza makusudi, kwa utani mmoja baada ya mwingine, hadi mkewe aombe msamaha. Dada alitokea dirishani, ameegemea nondo, ameshika ubavu.

"Wamegeuziana!" alisema. "Mungu wangu, wawili hawa! Wamegeuziana!" Halafu akajikaza. "Maji yameanza kuchemka. Msidhani nimesahau."

Hapo ndipo mshonaji alipotambaa. Hakubakiza hata nati mdomoni, maana sasa ilibidi waseme kwa maneno. "Chomoa wa kushoto mbele." "Nimechomoa!" "Peleka kushoto." "Kushoto kwa nani?" "Kwa Kiboko! Kushoto kwa Kiboko mwenyewe!" "Basi sema hivyo tangu mwanzo!" Mnunuzi wa vyuma aliacha tairi lake, akaja kushika taa, kisha akashika koleo, na mwisho akawa amepiga magoti akimwambia mkunga kwamba mpira wa nyuma bado haujabana vizuri, usukume tena.

Mshonaji alitoka, akazunguka gari. Mara moja tu. Akapanda, na safari hii mnunuzi wa vyuma akaingia naye na kukikalia kigoda nyuma yake, huku mshonaji amechuchumaa mbele. "Nakuwa nanga," alieleza.

Pampu ikavuma. Dada akatoka jikoni na birika mkononi, akasimama.

Nyuma ndiyo ilianza, kama ngamia. Pande zote mbili kwa pamoja. Mchanga ukadondoka kutoka tumboni mwa gari. Halafu ikasita.

"Usipumzike!" Mkunga alipiga magoti mbele ya taa za gari, mikono imetandazwa, sauti ileile iliyofahamika wodi nzima. "Sukuma, mama! Sukuma! Umefika, usirudi nyuma, sukuma!"

"Sukuma!" alinguruma mnunuzi wa vyuma kutoka ndani.

Mbele ikanyanyuka. Kiboko akapanda, sawa kushoto, sawa kulia, akapanda mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini. Halafu pampu ikajizima yenyewe. Gari lilikuwa limesimama. Chini yake, nyuma ya handaki la mshonaji, mahali lilipolala, palikuwa na mstatili wa ardhi nyeusi, kandambili moja, na mwiko.

"Mwiko wangu!" alisema dada. "Wifi, na mimi nilisema umeuchukua wewe!"

"Ulisema mbele ya watu, wifi."

"Nilisema mbele ya watu." Akaliweka birika chini mchangani, akamkumbatia wifi yake kwa nguvu hadi akamwinua. Hakumimina chai. Alikwenda hadi kwenye mlango wa mbele, akamkodolea macho mnunuzi wa vyuma mpaka akateremka na kumwachia kigoda, akapanda kwa kushika nguzo ya mlango, bila kusaidiwa. Aliketi. Alisogeza kigoda mbele kidogo, upande wa abiria, mahali pake.

Mshonaji alikuwa bado amechuchumaa kwenye usukani.

"Nilisahau kwamba huku ni juu hivi," alisema dada. "Naona hadi nguo za jirani." Akapapasa dashibodi. "Alikuwa anaendesha vibaya, unajua. Mtu wa kupima ardhi, na hajui kuegesha." Akaanza tena kucheka, polepole, kisha akajipangusa macho kwa ncha ya khanga. "Haya, twende."

"Dada, breki zimeganda. Magurudumu hayazunguki."

"Basi nitakaa."

Na akakaa. Chai aliletewa mle mle. Mnunuzi wa vyuma alikunywa vikombe vyake amesimama, akarudisha mnyororo kwenye lori, akaomba bomba la zamani la moshi kama zawadi, na akasema kwamba yeye breki zilizoganda ni chakula chake, kesho atapita na nyundo yake nzito.

Jua lilikuwa bado na nguvu kidogo. Mshonaji alifungua gurudumu la kwanza, akaliegemeza ukutani, na kuanza kudondosha mafuta kwenye boliti ya breki, tone moja, kisha kungoja, kisha tone jingine. Alijaribu na spana. Haikusogea. Mkewe, aliyekuwa amelala chali juu ya sponji, bado anachekacheka peke yake, alimwambia aache, mafuta nayo yanahitaji kulala.

"Mnafanya nini huko chini?" Dada aliuliza kutoka juu.

"Breki, dada. Kesho itafunguka."

"Kesho asubuhi au jioni?"

Mshonaji alifikiri. Akadondosha tone jingine. "Sijui bado," alisema.

"Nauliza tu," alisema dada, "nijue nivae nini."