Ngome ya Udongo wa Kichuguu

Adinani, fundi rangi wa magari pale Cheyo, alikuwa amechoka kushindwa. Kila rafiki yake Vedasto alipokuja mjini kutoka Igalula, walitandika kitambaa cha kijani mezani, wakapanga askari wao wa plastiki na kupigana vita kwa dadu. Na kila mara jeshi la Adinani lilisambaratishwa katikati ya uwanja, halina hata pa kujificha.

Safari hii akaamua kulijengea ngome. Alichukua foami nyeupe iliyotoka kwenye kasha la friji, akaikata kwa wembe ikawa kuta, minara na lango, akachonga hadi matundu ya bunduki. Dada yake Hafsa, mshonaji aliyekaa naye nyumba moja, alimsikia akiisemesha ile ngome kama mtoto.

Jumamosi asubuhi, Vedasto akiwa safarini kuja, Adinani aliipeleka uani akaipulizia rangi ya kahawia, ileile ya magari. Foami ikaliwa na ukali wa ile rangi, ikaanza kutoboka na kunywea. Mnara mmoja ukainama, lango likabaki shimo. Akaketi chini.

Hafsa alitoka akaitazama. Akamwambia kwamba nyumba ya babu yao kule Isikizya ilikuwa na kuta mbovu kuliko hizo, ikakandikwa, na watu wakalelewa humo. Akaleta udongo wa kichuguu, akauchekecha, akauchanganya na gundi. Wakaikandika wote wawili, yeye kwa vidole, Adinani kwa kijiko. Paa wakaezeka kwa nyasi za ufagio. Udongo ulipokauka juani ukapasuka nyufa ndogondogo, na Adinani alipopitisha brashi kavu yenye rangi hafifu juujuu, kila ufa ukaonekana. Hapo ndipo alipocheka.

Vedasto alipofika aliizunguka meza, akachutama mpaka macho yakawa sawa na ukuta. Akasema anaona haya kuishambulia.

Adinani akamsogezea Hafsa dadu. “Kamanda ni wewe, dada. Bila wewe ningekuwa nimeitupa.”

Hafsa hakuwahi kucheza, lakini alikuwa amewatazama sana kutoka kwenye cherehani yake, na alijua Vedasto hupenda kuvamia kwa jeshi lote kwa pamoja. Akaliacha lile shimo la lango bila mlinzi, akawapanga askari wake juu ya kuta, bunduki zikielekea ndani, kwenye ua wa ngome.

Vedasto akaingiza jeshi lake lote. Dadu za Hafsa zikaanguka vizuri, mara ya kwanza, ya pili, tena na tena, na wavamizi wakalala mmoja mmoja. Vedasto akatafuta pa kutokea, lakini askari wake walioanguka walikuwa wameziba lile shimo la lango.

“Dada Hafsa, umenifungia ndani.”

“Karibu sana,” akajibu Hafsa.

Adinani alicheka mpaka akashika ukuta wa nyumba. Vedasto naye akacheka, akawainua askari wake walioanguka, akaomba wapigane tena, ila safari hii yeye ndiye akae ndani ya ngome.