Spika Zote za Kushoto Ni Mbovu

Fundi Sikio hakuitwa hivyo kwa sababu ya ukubwa wa masikio yake, ingawa yalikuwa makubwa, tusifichane. Jina alipewa na wateja. Ulikuwa unaweza kumletea redio iliyonyamaza mwaka mzima, akaiwasha huku ameigeuzia mgongo, akanywa chai yake funda moja, kisha akakwambia: "Waya wa pili kutoka kushoto umeachia. Na mlimwagia soda, msikatae." Wateja walikataa kwa aibu, halafu wakakiri.

Kwa miaka sita meza yake ilikuwa kwenye kijichumba chini ya ngazi, nyuma ya duka la simu la shemeji yake, mdogo wa mkewe. Akisimama ghafla, anagonga kichwa. Akikaa sana, miguu inakufa ganzi. Saa sita mchana, jua limejaa barabarani, yeye kawasha taa. Alichokitamani duniani, ukiacha afya na watoto wake, ni ile nafasi ya mbele dirishani, ilipokaa stendi ya makava ya simu.

Jumatatu asubuhi shemeji yake akaja na maboksi matatu, moja jeusi, moja la njano, moja jeupe, akayaweka mezani taratibu kama mayai.

"Shemeji, hizi ni spika za masikioni. Hazina waya, zinazima kelele, na bei yake usiulize, utakaa chini."

"Nimeshakaa."

"Wakala anakuja Ijumaa saa nne kuchukua oda. Nataka aina moja tu. Nikikosea, zitabaki kabatini mpaka nizeeke nazo."

"Mtandaoni wameshazipima watu elfu nzima," akadakia dada wa kaunta. Huyu walimwita Chapchap, maana alikuwa anambandikia mteja kioo cha simu kabla hajamaliza kujibu salamu. "Tunasoma, tunachagua, kwisha."

"Hao watu elfu umewahi kuwaona masikio yao?" akauliza Fundi. "Nipeni mimi. Siku nne tu."

Shemeji mtu akacheka. "Haya. Ukinichagulia vizuri, ile stendi naitoa dirishani, meza yako inaingia. Ukinichagulia vibaya, stendi nayo naileta hukuhuku chini ya ngazi, mtajuana wenyewe mtakavyolala."

Fundi akatafuta daftari jipya, akalipigia mistari kwa rula. Jambo likishapigiwa mistari kwa rula, kwake lilikuwa si mchezo tena.

Alianza na boksi jeusi. Akazivaa, akaenda kusimama mlango wa pili kwa Bwana Mageti, mchomeleaji ambaye mashine yake ya kukatia chuma ilikuwa imewahi kumfanya mteja mmoja alie bila kufiwa. Fundi akaminya spika kidogo. Dunia ikanywea. Bwana Mageti alikuwa mbele yake, moto unaruka, chuma kinakatika, lakini kwa sikio ungesema anakata mkate. Alipotazama juu na kumwona Fundi kasimama pale anatabasamu peke yake, akazima mashine.

"Fundi, kuna usalama?"

"Endelea, endelea! Unaniburudisha!"

Tatizo la zile nyeusi lilikuwa moja: ukizigusa mara mbili, zinapiga namba ya mwisho. Na Fundi, akiwa anafikiri, hujikuna sikio. Mchana ule alifikiri sana.

"Hii ni mara ya nne," mkewe akamwambia simuni. "Kama una neno, sema. Kama umenikumbuka, njoo nyumbani."

Akaandika kwenye daftari: Zinazima kelele kabisa. Sauti ya simu ni safi sana. Mke amesikika vizuri hata pale ambapo haikuhitajika.

Jioni akaenda nazo nyumbani, kelele zote za barabarani zimezimwa, anatembea kama yuko peke yake na dunia ameikodi. Akafika mlangoni, akamkuta mkewe kashika kiuno, mdomo unacheza, sauti haitoki. Alishaoa miaka mingi, alijua maana yake. Akazichomoa zote mbili kwa mpigo, akazitumbukiza kwenye kasha lake, na kasha mfukoni. Sikio la kushoto likamwasha kidogo. Akasema ni vumbi la Bwana Mageti.

Jumanne alipofungua kasha dukani, spika ya kushoto haikuwa na kile kimpira laini cha kuziba sikio. Ya kulia ilivaa chake. Ya kushoto ilikuwa uchi.

"Chapchap! Nani amegusa hapa?"

"Nimefuta vumbi mezani kwako. Karibu."

"Na kimpira kiko wapi?"

"Kimpira gani?"

"Kimpira cha spika. Jana kilikuwepo, leo hakipo. Umefuta vumbi umeondoka nacho."

Chapchap akaweka kitambaa chini. "Fundi. Mimi niibe kimpira. Kimoja. Nikifanyie nini, kiwe kofia ya kidole?"

"Sijasema umeiba. Nimesema kimeondoka na wewe."

Ndani ya daftari lakini alisema. Chini ya boksi jeusi akaandika: Kimpira kimoja kimeibwa, anashukiwa mtu wa kaunta. Daftari akaliacha wazi, na macho ya Chapchap yalikuwa na mwendo uleule wa mikono yake. Kuanzia saa ile hakumsemesha. Akiletewa simu ya kutengenezwa, anaisukuma mezani na kukohoa.

Fundi akafungua boksi la njano. Akazivaa, akaweka muziki, akakunja uso. Ya kulia ilikuwa inaimba vizuri. Ya kushoto ilikuwa inaimba kutoka nyumba ya jirani. Akaandika: Kushoto mbovu.

Jumatano akafungua jeupe. Kulia safi, kushoto kama imefunikwa blanketi. Akaandika tena, safari hii kwa wino mwekundu.

Alhamisi akarudi kwenye zile nyeusi, ya kushoto akaivika kimpira cha akiba kutoka kwenye boksi. Na zenyewe, kushoto hoi. Fundi akaegemea ukuta chini ya ngazi, moyo unamdunda kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo kubwa. Kampuni tatu tofauti, na zote kushoto mbovu! Basi zinatoka kiwanda kimoja, wanabadilisha maboksi tu. Watu elfu wa mtandaoni wamepigwa chenga, Fundi Sikio peke yake ndiye kawashika.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri sana, ila alikuwa na shughuli, hakuyatilia maanani. Mkewe hukaa upande wake wa kushoto mezani, na siku zile alionekana kuzungumza chinichini. Fundi alikuwa anaitikia "sawa" na "ndiyo mama" kila anapoona mdomo wake umetulia, na mke naye akawa na furaha ya ajabu.

Ijumaa saa nne wakala akaingia: tai, begi, viatu vinavyong'aa. Fundi alikuwa kachana nywele. Akafungua daftari, akasimama kama mtu anayesoma hukumu.

"Shemeji, usinunue hata moja. Zote kushoto ni mbovu. Huyu bwana na wenzake wanatuuzia nusu spika."

"Mzee wangu, zote tatu?" wakala akauliza. Hakukasirika, alishangaa tu.

"Zote tatu, kijana wangu. Hapa umekutana na sikio."

Wakala akavaa za njano, akasikiliza, akampa mwenye duka. Mwenye duka akasikiliza, akampa Chapchap. Chapchap akazichomeka, kichwa kikaanza kucheza chenyewe.

"Shemeji," mwenye duka akasema polepole, "mimi nasikia kotekote."

"Hujazoea kusikiliza."

Wakala akakuna kidevu. "Mzee wangu, tufanye hivi. Chukua hii ya kulia, ambayo umesema ni nzima. Iweke sikio la kushoto. Haitakaa vizuri, ishikilie kwa kidole."

Fundi akaishikilia kwa kidole. Akasikiliza. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtaalamu.

"Mnaona sasa? Na hii ya kulia imekufa. Sasa hivi tu ilikuwa nzima!"

Chapchap akaichukua ile spika kidoleni mwake, akaihamishia sikio la kulia bila neno, na muziki ukamjaa Fundi kichwani, mzima, mtamu, kila ala mahali pake.

Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Fundi," akasema Chapchap, neno la kwanza tangu Jumanne, "siyo spika."

"Nimeelewa."

Ndipo hofu ikamshika kweli. Habari za dirisha zikamtoka kichwani. Mtu akiitwa Fundi Sikio, likaondoka sikio, anabaki nani? Mafundi wako wengi. Hata kijichumba chini ya ngazi, nani atampa kazi ya kusikiliza redio mtu asiyejua redio inalia upande gani? Shemeji yake, ambaye kwa kawaida asingeacha nafasi kama ile ya kumtania, hakumtania. Hilo likamtisha zaidi. Akampigia simu dada yake, mke wa Fundi, kisha akamwambia wakala azungukie maduka mengine, arudi saa tisa.

Kwenye benchi la zahanati, mkewe akaketi kushoto kama kawaida yake. Akasema jambo, akamtazama, akasema tena. Kisha akanyanyuka na mkoba wake, akazunguka, akaketi kulia. Hakueleza kwa nini. Fundi akageuza uso, akasoma bango la kunawa mikono mara mbili.

Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye kitochi. Akachungulia sikioni. Akachungulia tena.

"Baba, una wajukuu wanaokuchezea masikio ukiwa umelala?"

"Sina wajukuu bado."

"Basi tulia, usitikisike."

Akaingiza kikoleo chembamba. Kikasikika kitu kama mtu anafungua chupa ndani ya kichwa chake, na papo hapo zahanati nzima ikamwangukia: viatu vya watu, mtoto analia, bomba linadondosha maji chumba cha tatu, tena mpira wake wa ndani umekwisha, ungebadilishwa. Muuguzi akafungua kiganja. Kilikuwa kimpira cheusi, laini, kama kofia ya kidole.

"Ni chako?"

"Kilikuwa kimeibwa," akasema Fundi.

Mkewe alicheka mpaka akashikilia kitanda. Alipopata pumzi akapangusa macho. "Sasa kwa vile unasikia, ujue kabisa: juzi ulinikubalia zile redio saba mbovu chini ya kitanda zitoke. Ukasema 'ndiyo mama'. Zimetoka."

"Zote?"

"Nilikuuliza hata hilo. Ukasema 'sawa'."

Njiani kurudi dukani Fundi alikuwa na kimpira kwenye karatasi, karatasi mfukoni, na mfukoni mkono. Aliwaza vizuri kabisa. Mtu akiulizwa sikio lilikuwa na nini, anaweza kusema nta. Nta ni kitu cha heshima, hata wakubwa wanayo. Mkewe alishaaga barabarani: "Mimi sisemi. Sikio ni lako."

Dukani wakala alikuwa karudi, kalamu iko wazi. Shemeji yake akamkimbilia.

"Shemeji! Wamesemaje?"

"Nimepona. Ilikuwa..." Akaishika karatasi mfukoni.

"Alhamdulillahi, maana ulinitia wasiwasi! Basi mimi nimeamua, nachukua nyeusi. Katoni nzima. Ndizo zinazozima kelele kuliko zote, wewe mwenyewe uliandika. Nitie sahihi?"

Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Fundi akaona katoni nzima ya zile nyeusi, akaona wateja mlangoni, kila mmoja kainamisha kichwa upande, kila mmoja kaja kushtaki kwamba kushoto ni mbovu.

"Usitie!"

Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua kaunta. Wote wanne wakatazama. Nasema wanne, maana Bwana Mageti naye alishaingia kuulizia hali ya mgonjwa.

"Hiki," akasema Fundi, "kimetoka sikioni kwangu. Kilikaa humo tangu Jumatatu. Hakuna spika mbovu. Hakuna aliyeiba."

Hapo naomba msomaji ajisikilizie mwenyewe kicheko cha duka. Bwana Mageti alicheka kwa sauti ile aliyoizoea kushindana na mashine. Mwenye duka alilala juu ya kaunta. Wakala alijitahidi kuheshimu tai yake, ikamshinda.

"Hiyo ni ajali moja tu, mzee wangu," akasema alipoweza.

"Tuone." Fundi akachukua nyeusi, akazungusha kimpira kidogo na kuvuta, kama mtu anayechomoa kwa haraka akimwona mkewe mlangoni. Kikamfuata kidole. Akachukua cha upande wa pili, kikatoka vilevile. Cheupe kikatoka kwa kuvutwa sana. Cha njano akavuta, akazungusha, akavuta kwa meno. Kikabaki kimeng'ang'ania, kina kijino cha ndani kinachokishikilia. "Za njano hazizimi kelele kama nyeusi. Bwana Mageti utamsikia kwa mbali. Lakini utakachoingiza sikioni ndicho utakachotoa. Chukua njano."

Mwenye duka akapangusa machozi ya kicheko. "Njano," akamwambia wakala. Kisha akaenda mwenyewe dirishani, akaanza kuisukuma stendi ya makava. "Njoo unisaidie, shemeji. Hapa mbele utakaa. Nataka kila mteja akuone, nimsimulie."

"Bado," akasema Chapchap.

Alikuwa kashika daftari, kafungua palepale. Akaliweka kaunta, akaweka kalamu nyekundu juu yake, akakunja mikono.

Fundi akakohoa. "Chapchap, dada yangu. Nilikukosea. Nisamehe."

"Nimesikia. Sasa andika."

Akalikata neno "kimeibwa" kwa rula. Akafuta "anashukiwa mtu wa kaunta", mara mbili, ili isisomeke. Juu yake akaandika "kimepatikana", akaweka nukta, akafunga kalamu.

"Na mahali kilipopatikana?" akauliza Chapchap.

Fundi akainua macho. Wakala, shemeji, Bwana Mageti, wote walikuwa wamenyamaza, na kwa masikio yake mawili mazima alisikia vizuri kabisa jinsi walivyokuwa wanajizuia kucheka. Akafungua kalamu tena.