Ndafu Aliyekula Mboga Pwani

Mzee Elibariki, mwalimu mkuu mstaafu, aliamini kwamba majani mabichi hayatupwi. Kwao Machame mbuzi hazururi. Mwenye nyumba humkatia majani akampelekea bandani, na anayeyaacha yakaoza huulizwa kama ukoo wao una wazimu. Ndiyo maana kila alipotazama nyuma ya nyumba yake ya Boko, roho ilimuuma.

Huko nyuma palikuwa zamani na karakana ya betri za magari, na udongo ulikuwa umejaa madini ya risasi. Chumvi ya bahari nayo ilikuwa imeingia kisimani, hata chai ya nyumba hiyo ikanyweka kama mchuzi. Mjukuu wake Eliaichi, mtaalamu wa udongo, alipanda hapo mboga pwani, mmea mnene wa ufukweni usioogopa chumvi. Alimweleza babu yake kwamba mizizi hufyonza chumvi na sumu na kuzipandisha majanini. Majani yakinenepa hukatwa, hupimwa, kisha hupelekwa kuteketezwa. Mzee alisikiliza vema mpaka hapo kwenye kuteketezwa, ndipo masikio yake yakafunga duka.

Bandani alikuwamo beberu aliyemlea kwa mkono wake awe ndafu kwenye sherehe ya kumuaga Eliaichi kabla ya kuolewa. Kwa Wachaga, sherehe isiyoingizwa mbuzi mzima wa kuchoma, majani mdomoni na vigelegele nyuma, ni mkutano tu wa watu wenye njaa. Wakwe wa Kawe walikuwa wameshatumiwa picha za beberu huyo, za mbele na za ubavuni. Basi kila alfajiri Mzee alichukua mundu, akavuna mboga pwani, akampelekea. Beberu aliyala majani hayo akiwa amefumba macho kwa utamu.

Sherehe ilipokaribia, Eliaichi alikuta vitalu vimenyolewa, akawashuku kuku wa jirani, Bi Mwanaheri, mzaliwa wa hapo hapo Boko.

“Kuku hawanyoi kwa mundu, mwanangu,” alisema Bi Mwanaheri, akimtazama Mzee.

Mzee hakuwahi kusema uongo, wala hakuona sababu ya kujifunza uzeeni. Alikiri, kisha akauliza kama nyama ikichemshwa mara mbili haitafaa.

“Babu, risasi haiivi,” alijibu Eliaichi.

Beberu hangechinjwa hadi damu yake ipimwe na kupimwa tena, na huenda ikachukua miezi. Kibaya zaidi, kinyesi chake hakikutakiwa kugusa ardhi, kisije kikarudisha kile ambacho mmea umekitoa. Mwalimu mkuu mstaafu, akiwa na koti na tai, akaanza kumfuata mbuzi kwa nyuma na kizoleo.

“Mwalimu,” Bi Mwanaheri aliita kutoka ng’ambo ya ua, “leo unasahihisha madaftari gani hayo?”

Alishauriwa anunue mbuzi mwingine. Alikataa: wakwe walikuwa na picha, na kuwaletea mwingine kungekuwa kuwadanganya. Lakini usiku huo hakulala. Binti ataagwaje bila ndafu?

Siku ikafika. Vigelegele vikapaa, milango ya ukumbi ikafunguliwa, na ndafu akaingia kwa miguu yake minne, shada la majani shingoni. Mzee Gaspar, babu yake bwana harusi, alikuwa ameshasimama na kisu.

“Mkwe,” aliuliza taratibu, “huyu mbona anapumua?”

Mzee Elibariki akasimama wima. “Mbuzi ni huyo huyo wa kwenye picha. Amelishwa kilichokatazwa, na aliyemlisha ni mimi. Hachinjwi mpaka vipimo viseme yu safi.”

Beberu akatafuna kona ya kitambaa cha meza kuu. Mzee Gaspar akafikiri sana, kisha akafunika kisu.

“Mila inataka nyama igawanywe,” akatamka. “Haikusema lazima iwe imekufa.”

Wakamgawa akiwa hai, wakimfunga utepe kila kiungo: mkono wa kulia wa wajomba, mbavu za wazee, paja la shangazi wa bwana harusi. Kisha wote wakala pilau ya Bi Mwanaheri, na Eliaichi akaagwa kwa heshima.

Beberu bado yuko Boko, akisubiri vipimo. Mboga pwani imechipua upya, imefungiwa kwa kufuli ambalo Mzee hana ufunguo wake. Na kila Jumapili baada ya ibada, shangazi hupiga simu. Huwasalimia watu kwa ufupi, kisha huuliza, “Na paja langu halijambo?”

Mzee huweka kizoleo chini na kumjibu kwa adabu zote kwamba halijambo, ila asubuhi hii limempiga teke.